Sura ya Sita: Mkate Wenye Kitovu

Mlango ule haukuwa na kibao wala kengele. Hamira alipoufikia aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akavuta kofia mpaka kwenye nyusi, kisha akajipenyeza ndani kama anayekwepa mvua. Ilikuwa mara ya tatu Kupe kumwona akifanya hivyo, na kwa uzoefu wake, mtu asiye na la kuficha haingii chumba cha nyuma ya duka la fundi cherehani kwa mwendo wa namna ile.

"Ni hapa," alimnong'oneza dalali wa mahakama. "Kama si mashine, basi ni pesa. Toa karatasi zako."

Dalali alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye mkoba wa ngozi uliotiwa viraka, na alipenda utaratibu kuliko chakula. Hakuwahi kukamata hata kijiko kabla ya kusoma hati yake mpaka nukta ya mwisho.

"Kwanza hodi," alisema. "Sheria inataka hodi."

"Basi piga hodi kabla hajatoboa ukuta."

Kupe si jina alilopewa na mama yake. Alipewa na wadaiwa, kwa hasira, naye akalipenda hadi akalichapisha kwenye kadi zake za kazi. Mtu akishindwa kesi, akageuza mifuko nje mbele ya hakimu na kuapa kwamba hana mbele wala nyuma, Kupe ndiye aliyetumwa kumtafutia hicho alichoapa hana. Alikuwa mnene wa mwili, mwepesi wa miguu, mcheshi, mpenda kula, na akishamganda mtu hamwachi.

Walipiga hodi, wakaingia. Chumbani mlikuwa na kiti kimoja, kioo kimoja na beseni. Kwenye kiti alikaa Hamira, amefungwa taulo shingoni, kichwa chake nusu kimepakwa rangi nyeusi tii na nusu bado ni mvi tupu. Kinyozi alikuwa nyuma yake, ameshika brashi hewani.

"Haya," alisema Hamira akiwatazama kupitia kioo. "Mmekuja kukamata nini? Nywele?"

Dalali alikwisha kuanza kusoma. "Kwa amri ya mahakama ya ufilisi, mdaiwa anatakiwa kumlipa wakili wa upande wa pili ada yote iliyothibitishwa, na akishindwa, mali yake..."

"Amri naijua, nilisomewa nikiwa nimesimama. Na mimi niliapa, au sikuapa? Mashine zote, vyombo vyote vya kuokea, hadi kopo la mwisho, nimewauzia watu wa chuma chakavu. Sina kiwanda, sina gari, sina hata mkate wa kutia mdomoni. Nilichobaki nacho ni mvi, na mke wangu anasema zinamzeesha yeye."

"Mara zote tatu umekuja hapa kwa ajili ya nywele?" aliuliza Kupe.

"Ulitaka nije kupimwa macho?" Hamira alicheka mpaka taulo likamteleza. "Kupe, wewe umekua kwa mkate wangu. Mashavu hayo yote ni unga wangu. Leo unaninyatia barabarani kama mwizi wa kuku! Kinyozi, endelea."

Lakini kinyozi hakuwepo. Aliposikia maneno "dalali wa mahakama" alikumbuka madeni yake mwenyewe, akatorokea dirishani na brashi mkononi. Kupe na dalali waliondoka mikono mitupu, na nyuma yao wakamsikia Hamira akiita jina la kinyozi kwa sauti ya mtu ambaye atarudi kwa mkewe na kichwa cha rangi mbili.

"Tumeaibika," alisema dalali.

"Sana," alikubali Kupe, na hapo hapo akaangua kicheko, maana hata aibu ikiwa tamu ina haki yake.

*

Kicheko kilimwisha kwenye ngazi za ofisi ya shangazi yake.

Yule wakili aliyetuzwa ada na mahakama alikuwa ndiye shangazi wa Kupe, dada mkubwa wa baba yake, aliyemlea yeye na ndugu zake tangu wakiwa wadogo. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili ghorofa ya kwanza, juu ya duka la miwani. Na siku hiyo kulikuwa na fundi seremala ameinama ukutani na futi yake, akipima.

"Usimjali huyo," alisema shangazi bila kuinua macho kutoka kwenye faili. "Mwenye nyumba kampata mpangaji wa viatu. Anapima rafu. Nimemwambia apime kimyakimya."

"Lakini umepewa mpaka kesho jioni kulipa kodi!"

"Ndiyo. Na hati ya dalali nayo inaisha muda kesho jioni. Vimekubaliana vyenyewe." Alivua miwani, akamtazama. "Umepata nini?"

Kupe alimweleza. Alipofika kwenye nywele, karani wa ofisi, mzee mmoja mpole aliyekuwa kwenye meza ya pembeni, alilazimika kujifanya anakohoa. Shangazi hakujifanya. Alicheka wazi, akafuta macho, na hapo Kupe akaona jinsi uso wake ulivyochoka.

Kesi yenyewe haikuwa na mafumbo. Hamira, aliyepachikwa jina hilo kwa jinsi alivyofura kutoka tanuri moja la uani hadi kiwanda cha mikate, alikuwa amekwenda mahakamani kuomba atangazwe mufilisi ili asiwalipe wanawake waliokuwa wakimfungia mikate. Shangazi aliwatetea bila kudai senti, akaonyesha kwamba mtu huyu anadanganya, na hakimu akalitupa ombi na kumwamuru Hamira alipe mishahara ya wafungaji na ada ya wakili wao. Gari la kusambazia mikate lilikamatwa likauzwa. Pesa ile ilitosha mishahara tu, na shangazi akasisitiza wafungaji walipwe kwanza. Ndiyo maana aliyebaki anaangalia hewa ni yeye. Alidaiwa kodi, karani hakuwa amelipwa kitambo, na mwanawe aliyeko mbali alikuwa amekwisha kumwandalia chumba cha kulala na kiti cha kuzeekea.

"Sitaki kile kiti," alisema ghafla, kama aliyesikia mtu akikitaja. "Nimekiona kwenye picha. Kina pahali pa kuwekea miguu."

"Hutakikalia, shangazi."

"Basi kaa wewe hapa unywe chai. Mtu hafikiri na njaa, hasa wewe."

Karani alikuwa ameshuka asubuhi kununua mkate dukani pale pembeni. Shangazi aliukata kwa kisu chake cha kufungulia bahasha, vipande vinene, akausogeza ubao katikati. Kupe alinyoosha mkono bila kuangalia. Vidole vyake vikapapasa, vikaacha kipande cha kwanza, vikaacha cha pili, vikachukua cha tatu. Alikichovya kwenye chai, akakipeleka mdomoni upande wa chini kwanza, akatafuna. Kitu kidogo kikavu kikavunjika kati ya meno yake, kru! Moyo wake ukafurahi, asijue kwa nini.

Kisha taya zikasimama.

"Shangazi. Mkate huu umetoka wapi?"

"Dukani. Una mdudu?"

"Una kitovu."

Shangazi aliweka kikombe chini polepole. Karani alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, hakuelewa, kwa hiyo Kupe ilibidi amweleze. Nyumbani kwao, zamani, walikula mkate wa Hamira kila asubuhi. Na mara mojamoja, si kila siku, ulikuja mkate wenye kinundu chini yake, karibu na pembe, ukubwa wa kifungo cha shati, kimeiva mpaka kikawa kigumu kama biskuti. Watoto walikiita kitovu. Walikigombania hadi kuraruana nguo, mpaka shangazi alipotwaa madaraka: kitovu kitakwenda kwa mtoto aliyestahili, na anayestahili ataamuliwa na yeye. Hapo ndipo Kupe alipoanza kuosha vyombo bila kutumwa.

"Hakuna mkate mwingine wenye kitovu," alisema Kupe. "Nimekula ya kila kiwanda, na ushahidi wa hilo ninatembea nao. Kitovu kinatokana na kopo. Kuna kopo moja la kuokea limebenuka kwa nje, pale pale pembeni, na kila mkate unaotoka humo unabeba alama yake. Kopo hilo ni la Hamira. Aliapa ameliuza chuma chakavu. Mbona limeoka mkate jana?"

"Kionyeshe hicho kitovu," alisema shangazi, na sauti yake ilikuwa imekwisha kuwa ya mahakamani.

Kupe alipangusa makombo mdomoni.

"Nimekila."

"Umekula kielelezo?"

"Nilikuwa na njaa."

Seremala aliyekuwa ukutani alidondosha futi yake kwa kucheka.

*

"Sasa nikubane," alisema shangazi. Alikuwa amesimama, na uchovu ulikuwa umemtoka usoni. "Mimi ni wakili wa Hamira. Nasema hivi: mteja wangu aliuza makopo, muuza chuma akamuuzia mwokaji mwingine. Kosa liko wapi?"

"Halipo," alikiri Kupe.

"Kwa hiyo kitovu peke yake ni nini?"

"Ni kitovu tu. Kinanipeleka mlangoni. Ndani nahitaji mtu aseme kwa kinywa chake kwamba makopo ni ya Hamira tangu mwanzo, na dalali awe anasikia."

"Na nani atasema?"

Kupe alikuwa akiangalia rafu ya nyuma, ambako shangazi aliweka jiko dogo la umeme na kikaango cha chuma, cheusi, kizee kuliko karani. Kikaango kile hakikuguswa na sabuni. Kupe aliwahi kukiosha, akiwa mtoto, katika enzi zile za kutafuta kitovu. Alikisugua kwa sabuni na majivu mpaka kikang'aa, akakileta kwa fahari. Mwezi mzima mayai yaling'ang'ania, na sikio lake la kushoto liling'ang'aniwa pia.

"Shangazi, nilipokuoshea kikaango, ulijisikiaje?"

"Mpaka leo nikikumbuka mkono unaniwasha." Alikitazama kikaango, akamtazama mpwa wake, na tabasamu likaanza upande mmoja wa mdomo. "Wewe mtoto. Nenda."

Karatasi ya mkate iliandikwa "Alfajiri". Kupe alikwenda dukani akaanza kugeuza mikate mmoja mmoja, akipapasa chini.

"Kaka," alisema muuzaji, "unanunua au unaipima homa?"

"Nanunua huu." Ulikuwa wa mwisho kabisa kwenye rafu, na kitovu kilikuwa mahali pake. "Hii Alfajiri inatoka wapi?"

"Kule nyuma ya kiwanja cha mbao, geti la kijani. Ni kwa mama mmoja hivi. Ukimpa noti anaitazama kwenye jua, kisha anakutazama wewe."

"Ana mkwe?"

"Nitajuaje? Nauza mikate mimi, siozeshi watu."

*

Asubuhi iliyofuata, siku ya mwisho ya hati, Kupe na dalali walisimama mbele ya geti la kijani. Harufu ya mkate wa moto ilimpiga Kupe usoni, akafumba macho kidogo.

"Kazi kwanza," alisema dalali, akapiga hodi.

Ndani palikuwa na joto na weupe. Sakafu ilikuwa na vumbi la unga lenye nyayo, tanuri likinguruma ukutani, na mashine mbili za kukandia unga zimepakwa rangi ya kijani iliyokuwa ikinukia bado. Karibu na mlango, nyuma ya meza ndogo, alikaa mama mnene wa heshima, miwani imemning'inia kifuani. Kupe alimwamkia kwa adabu zote alizofundishwa. Dalali akasoma hati yake hadi nukta ya mwisho, na yule mama akasikiliza hadi nukta ya mwisho, bila kupepesa.

"Umemaliza, baba?" aliuliza. "Basi sikiliza na yangu. Huyo unayemtafuta ni mkwe wangu, kamuoa binti yangu. Kufilisika kafilisika yeye, mimi sijafilisika. Kiwanda hiki ni changu. Nilitoa pesa zangu za kustaafu. Risiti hizi hapa: tanuri jipya, mashine mpya, kila kitu humu ni kipya isipokuwa mimi."

Dalali alizipitia risiti, akamwinamia Kupe. "Zimeandikwa jina lake. Mali ya mkwe siwezi kuigusa."

"Naelewa, mama," alisema Kupe. "Na makopo ya kuokea nayo mapya?"

"Nimesema kila kitu."

Hapo mtu alitokea nyuma ya tanuri, amevaa aproni, kofia nyeupe imekaa upande. Upande uliokuwa wazi ulikuwa mweusi. Alipowaona aliigeuza kofia haraka, na upande wa pili ukatokea na mvi zake.

"Mimi hapa kibarua tu!" alisema Hamira. "Namsaidia mama. Kusaidia mkwe si dhambi."

"Si dhambi hata kidogo," alisema Kupe kwa furaha. "Mama, naomba kuyaona hayo makopo, kama hutojali. Mimi ni mpenzi wa mikate."

"Yaone. Macho hayali kitu."

Makopo yalipangwa kwenye rafu ya chuma, moja juu ya jingine, nje meusi kama masizi, ndani yakimeremeta kwa mafuta. Kupe aliingiza mkono katika kila moja, akipapasa chini karibu na pembe. Hamira alikuwa amemsogelea, akimfuata hatua kwa hatua. Rafu ya tatu, mwishoni, kidole cha Kupe kilizama kwenye kishimo kidogo cha mviringo. Alilitoa kopo lile, akaligeuza. Nje palikuwa na uvimbe ukubwa wa kifungo.

"Mama, haya ni mapya na meusi namna hii?"

"Ndivyo yanavyotoka kiwandani. Mkwe wangu alinieleza, ni rangi ya kisasa."

"Ah. Basi bado yana uchafu wa kiwandani." Kupe alikunja mikono ya shati. Kulikuwa na sinki pembeni, na juu yake kopo la sabuni ya unga na waya wa kusugulia masufuria. "Kwa afya ya wateja wako, mama, unaniruhusu nikuoshee hili moja? Nikisugua vizuri litang'aa mpaka ujione."

"Osha, baba, sabuni ninayo tele," alisema yule mama, akishangaa kidogo. "Wengine hata hawaniulizi."

Hamira alidakia. "Hakuna haja. Mimi nitaliosha baadaye."

"Wewe una kazi nyingi." Kupe alifungua bomba. Alimwaga sabuni ndani ya kopo, kwa ukarimu, akaweka waya juu yake.

"Kupe," alisema Hamira, sauti imekuwa nyembamba. "Ndugu yangu."

"Naam?"

"Litikise tu. Lifute kwa kitambaa."

"Kitambaa hakitoi rangi ya kisasa." Kupe alibonyeza waya, akaanza kuuzungusha, polepole. Kwaru. Maji yakawa na weusi kidogo.

"Acha! Acha, mwuaji we!" Hamira aliruka, akamnyang'anya kopo, akalikumbatia kifuani na povu lake. "Kopo hili halijaguswa na sabuni tangu siku niliyoanza kazi! Unajua mafuta yameingia humu miaka mingapi? Unajua niliunguza mikate mingapi mpaka likakubali kuachia? Mkate wa kwanza kabisa uling'ang'ania humu, nikaupiga kwa mpini wa nyundo hapa, hapa pembeni, hadi kopo likabenuka, nikalia kwa uchungu, na sijawahi..."

Alijiuma ulimi.

Dalali alikuwa akiandika. "Hadi kopo likabenuka, nikalia kwa uchungu," alirudia taratibu. "Kisha?"

Hamira aliliangalia kopo mikononi mwake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesikia mwingine akisema, kumbe ni yeye.

"Mashine nilipaka rangi," alisema kwa unyonge. "Vibao vyake niling'oa. Lakini makopo, jamani. Makopo mapya hayaachii mkate. Mwokaji gani anatupa makopo yake?"

Kupe alimwonea huruma, kweli kabisa. Ila huruma yake haikumfanya aache kusikia, na alikuwa amesikia neno moja ambalo hata dalali lilimpita, kwa kuwa alikuwa bado anaandika. Yule mama hakupitwa. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, amevaa miwani.

"Mashine ulipaka rangi?" aliuliza.

"Mama..."

"Mashine mpya inapakwa rangi ya nini?"

Alitoa ufunguo wa mezani, akatembea mpaka kwenye mashine ya kwanza, akakwaruza. Chini ya kijani kulikuwa na nyekundu, ya zamani, iliyopasukapasuka. Akakwaruza ya pili. Nyekundu. Hakukwaruza tanuri. Aligeuka.

"Nilikupa pesa ukaninunulie mashine mpya. Ukaniletea zako mwenyewe. Na risiti ukaniletea. Pesa zangu za kustaafu ziko wapi?"

Kupe alikuwa amewaona wadaiwa mbele ya mahakimu, mbele ya askari, mbele ya mbwa. Hajapata kumwona mdaiwa akiogopa namna ile. Hamira alivua kofia, akasimama na kichwa chake cha rangi mbili, ameshika kopo kama mtoto aliyekamatwa akiiba sukari.

"Zipo, mama. Sijala. Nilitaka ziwe akiba, mambo yakitulia..."

"Ziko wapi?"

Zilikuwa kwenye unga. Hamira alikwenda mwenyewe kwenye pipa la mwisho ukutani, akainama hadi mabegani, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira. Alipotoka alikuwa mweupe kichwa kizima, na kwa mara ya kwanza tangu jana nywele zake zilikuwa za rangi moja.

Dalali alitaka kusoma tena hati. Yule mama alimzuia kwa kidole.

"Baba, nimekwisha kuisikia. Huyo wakili anadai ngapi?" Dalali alimtajia. Mama alifungua mfuko, akahesabu yeye mwenyewe, kila noti akiitazama kwenye mwanga wa dirisha, akamkabidhi. "Niandikie risiti. Ya kweli. Hizi zilizobaki ni zangu. Za wakili zinatoka kwenye mshahara wa huyu, kidogo kidogo, mpaka nitakapochoka kumkata."

"Mshahara upi, mama?" aliuliza Hamira.

"Si umesema ni kibarua?"

Dalali alipiga chafya ya unga, akaandika risiti, akaitia mhuri. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu wa utaratibu, aliuliza kama mahakama iarifiwe kuhusu kiapo cha uongo. Kupe alisema hilo ataliamua wakili. Alimjua shangazi yake, alijua atasema nini.

*

"Jela atafanya nini?" alisema shangazi. "Mwache mama mkwe amfunge."

Alikuwa amepokea bahasha kwa mikono miwili. Kabla hajaifungua vizuri alikuwa amekwisha kumwita karani, akamhesabia malimbikizo yake yote, na mzee yule akageukia dirishani akawa anasafisha miwani yake kwa muda mrefu. Kisha ikatolewa kodi. Kisha shangazi akatazama ukutani, ambako seremala alikuwa amerudi na mbao za kwanza begani.

"Wewe fundi, rafu za viatu zimekufa. Lakini vipimo usivitupe. Nataka ya vitabu, pale pale."

"Ndefu au fupi, mama?"

"Ndefu. Mimi bado nipo."

Mezani palikuwa na mkate. Hamira ndiye aliyeuleta getini wakati Kupe akiondoka, ungali wa moto, umefungwa kwa kitambaa. Alisema ni kwa wakili, amwambie hakuna ubaya, na kwamba umetoka kwenye kopo lile, ambalo kwa neema tu lilikuwa halijaharibika.

Shangazi aliugeuza, akakiona kitovu, akakigusa kwa kidole. Akaukata kwa kisu cha kufungulia bahasha. Kipande chenye kitovu akakiweka kando, peke yake, pembeni ya ubao, kama alivyokuwa akifanya siku zote zile, watoto wamemzunguka, kila mmoja akikumbuka mema aliyotenda.

Kupe, mtu mzima, mwenye kadi za kazi, alinyoosha mkono.

Akapigwa kofi la mkononi.

"Lakini shangazi! Leo nani amestahili kama mimi?"

"Umefanya kazi nzuri sana, mwanangu. Sina mpwa mwingine kama wewe. Chukua hicho kingine." Alikitwaa kile kipande, akakaa kwenye kiti chake kikongwe kisichokuwa na pahali pa kuwekea miguu. "Miaka yote ile nimekuwa nikigawa kitovu kwa waliostahili. Hakuna hata siku moja mliyoniuliza kama mimi nakipenda."

Akakitia mdomoni. Kru!

Alifumba macho, akatafuna taratibu, akameza.

"Kumbe ndicho mlichokuwa mnagombania," alisema. "Mlikuwa na haki."